Mguu wa Karani na Kichupa Kitupu

Kwako Daktari wa Mifugo, mwanangu kwa umri na mkubwa wangu kwa mamlaka ya sindano,

Kabla sijafumba macho, na siku hiyo haiko mbali, nakiri jambo nililolificha tangu ulipompima mbwa wangu, Karani: sikukuamini hata kidogo. Niliitikia kwa kichwa kwa sababu ya adabu tu.

Ulisema anachechemea kwa baridi yabisi, ukatukabidhi kichupa cha vidonge. Leo anachechemea vilevile, na binti yangu amekuita uje Ijumaa na sindano ya kumpumzisha moja kwa moja. Kabla hujaja, pokea malalamiko yangu.

1. Dawa imekwisha, mguu haujapona. Kila asubuhi niliandaa kidonge na kipande cha nyama kwa mkono wangu. Kichupa ni kitupu. Binti yangu amekitikisa mwenyewe. Dawa ikiisha na ugonjwa ukabaki palepale, mwenye akili haulaumu mguu. Humuuliza aliyeupa ugonjwa jina.

2. Ulimbonyeza nyonga akiwa amelala mezani. Hukumtembeza hata mpaka mlangoni. Nimesoma mpaka walimu wakanichoka, lakini sijapata kusikia mtu akipima mwendo wa aliyelala.

3. Hukupekua kati ya vidole vyake. Ningekuwa mwiba, ningehamia kwa wagonjwa wako nikastarehe.

4. Nyumbani tunaaibika. Mimi, mwenye goti bovu tangu ujana wa binti yangu, siku hizi napanda ngazi bila mkongojo, na Karani ananitazama kutoka chini. Binti yangu hucheka: "Baba, nguvu hizo umezitoa wapi? Si umgawie na mbwa!" Nimemwonyesha Karani mfano mwema; haufuati.

5. Kwa hiyo sindano isubiri. Kama ni lazima mtu achomwe Ijumaa, haki inataka achomwe aliyekosea kutambua ugonjwa.

Nisalimie wote hapo kliniki, mama anayefuta meza, hata paka anayelala juu ya mizani.

Wako nisiyeridhika,
Mzee wa ghorofa ya pili

Nyongeza: Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imebaki hatua chache. Tumbo langu linavuja damu. Daktari wangu anasema ni uzee, na huyo naye simwamini, ila kwake nina sababu. Ijumaa acha sindano, njoo na kichupa kingine, umkabidhi binti yangu, si mimi. Kile cha kwanza, nyama aliila Karani. Vidonge nilivimeza mimi.