Nilivyoshindana na Sekela kwa Vigari vya Redio

Ndugu zangu madereva wa Iringa, kamwene.

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Suruali ninayo, msiulize.) Ni saa nne hii ya asubuhi, hapa gereji Uyole, mbele ya mafundi wote, kina mama wauza viazi na mke wangu wa ndoa. Barua hii naituma na basi la saa nane ili iwafikie kabla yangu. Sababu mtaiona mwishoni.

Mnamkumbuka Sekela, binti wa stoo anayetugawia spea. Leseni anayo tangu mwaka jana, na kila wiki anaomba ajifunze lori lenye tela. Fomeni hana neno. Anayekataa ni mimi, maana mwanafunzi lazima apande na dereva mkuu, na dereva mkuu mnamjua. Nimesema kabla ya chai na baada ya chai kwamba tela linataka mtu anayeona nyuma bila kugeuka, mtu aliyekula tope la njia hii kabla haijawekwa lami. Nikamwambia Sekela aendelee kuhesabu nati zake.

Fomeni akachoka na kelele zetu. Kumjaribu Sekela na lori lenyewe haikuwezekana, mafuta ni shida. Basi akakumbuka vile vigari viwili tulivyoachiwa na mhandisi mgeni wa barabara alipokuwa anarudi kwao. Vinaongozwa kwa redio, kimoja chekundu, kingine kijani, kila kimoja na kisanduku chake chenye antena ndefu. Unashika kisanduku, unasukuma kijiti, kigari kinakimbia kule mbali bila kamba wala waya. Mafundi wamevivisha magurudumu vipande vya bomba la plastiki, kwa hiyo kwenye sementi vinaserereka ubavu, vile vile kama sisi enzi zile za tope la Chimala. Ni vizuri jamani. Mtu mzima unaweza kuvitazama mpaka chai ikapoa.

Mashindano yako hivi. Vigari vinaanza ubavu kwa ubavu, vinazunguka mapipa mawili vikiserereka. Kimoja kinaongoza, cha pili kinakifuata kwa karibu na kuteleza kama kile kinavyoteleza. Halafu mnabadilishana. Anayeachwa au kugonga pipa ameshindwa. Fomeni akatoa hukumu mapema: Sekela akishinda, safari ya kesho ya Iringa anashika usukani yeye, mimi nikae pembeni nimfundishe. Akishindwa, asiombe tena. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Mpaka jana tulikuwa tunafanya mazoezi kwa zamu, kigari kimoja kimoja, kwa sababu betri za vigari tunazichaji gereji, lakini za kisanduku ni za kutafuta kwa tochi. (Na tochi yenyewe haina betri.) Mimi nilipata zangu nne Mwanjelwa, zilizotumika kidogo, nikazianika juu ya bati siku mbili zikapata uhai.

Leo nimeamka bingwa. Nikanywa chai, nikasikiliza taarifa ya habari kwenye redio yangu ndogo, nikachana nywele, nikabeba kisanduku. Nilikiona chepesi. Nikasema moyoni, aa, leo nguvu zimenirudi. Kile kimshale cha mbele kinachoonyesha nguvu ya betri sikukitazama hata kidogo, maana dereva wa kweli haangalii geji, anasikiliza injini.

Mzunguko wa kwanza, Sekela aongoze na chekundu, mimi nifuate na kijani. Fomeni akaangusha kitambaa.

Ndugu zangu, niwaambie ukweli, sijawahi kuendesha vile maishani. Chekundu kililala ubavu kwenye pipa la kwanza, changu kikalala hapo hapo. Chekundu kikanyooka, changu kikanyooka. Vilikuwa vinacheza ngoma moja. Mafundi waliacha spana chini. Mama mmoja wa viazi akasema hajapata kuona vitu viwili vikipendana namna ile. Mimi nikawa napinda kiuno na kila kona. Katikati jasho likaniingia machoni, nikaachia vijiti vyote viwili nikapangusa uso kwa leso, na kigari kikapita pipa la pili bila wasiwasi. Nikajisemea, mzee, umefika mahali pa kuendesha kwa mawazo.

Vilipokamilisha mzunguko, watu wakapiga makofi. Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilimgeukia Sekela, nikahakikisha watu wa nyuma wananisikia, nikamwambia, "Umeona, binti? Gari linamjua mwenye mkono wake."

Akatazama kigari changu, akanitazama mimi. Akasema tu, "Nimeona, Baba Neema."

Mzunguko wa pili, zamu yangu kuongoza. Kitambaa kikaanguka. Nikasukuma kijiti. Kimya. Nikasukuma cha pili. Kimya. Nikainua antena juu kama navua samaki. Sekela amesimama na adabu zake, vidole mbali na vijiti, anangoja niondoke ndipo anifuate. Nikakipiga kisanduku kofi. Nikamwambia fomeni kwamba mafundi wamekiharibu kigari changu, na nikamtaja fundi umeme kwa jina, Mungu anisamehe.

Fomeni akamwambia Sekela ajaribu chake. Sekela akasita. Fomeni akarudia. Sekela akagusa kijiti kidogo tu, na vigari vyote viwili vikaondoka.

Akaacha. Vikasimama vyote. Akapinda kushoto. Vyote kushoto. Nilihisi damu inaniacha usoni na kuhamia masikioni.

Na hapo hapo, kwenye geti, akatokea Mama Neema. Anatembea haraka, mkono mmoja umeshika pindo la khanga. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele yangu, akafungua lile pindo, na mle ndani zimelala betri nne.

"Baba Neema, umeziacha redioni."

Fomeni akaninyang'anya kisanduku, akakifungua nyuma. Ndani mlikuwa na mende mmoja. Betri hakuna. Fundi umeme (yule yule niliyemtaja) akaeleza kwa sauti ya upole inayouma kuliko matusi: vigari vyote viwili vinasikia redio moja, na kwa kuwa kisanduku changu kilikuwa kimekufa, vyote vilikuwa vinamtii Sekela. Tulikuwa hatujawahi kuviwasha pamoja, ndiyo maana hakuna aliyejua. Watu wakacheka mpaka wakashika mapipa. Mama wa viazi alikaa chini kabisa.

Mngekuwa nyinyi mngeenda nyumbani. Mimi nikadai haki yangu. Nikatia betri, Sekela akazima chake, nikasema sasa mtamwona dereva. Nikaondoa vigari vyote viwili kwa mbwembwe. Chekundu kikapita kona vizuri sana, kikaserereka kwa raha. Kijani, kilichokuwa ubavuni mwake, kikagonga pipa, kikapinduka, kikabaki kinazungusha magurudumu hewani.

Nikasimama nakitazama. Ndipo swali likaniingia. Mbona kwa Sekela hakikugonga?

Nikamwuliza. Akajibu taratibu, bila majivuno, huku anakigeuza kigari changu na kukipangusa vumbi.

"Kona ya kwanza niliona kinanifuata mimi, siyo wewe. Kilikuwa kimeondoka na changu kabla hujagusa kijiti. Basi nikapanua kona zote, kiasi cha kigari kimoja, chako kipate njia."

"Kwa nini hukusema?"

"Watu walikuwa wanakupigia makofi."

Jamani. Binti alikuwa anaendesha magari mawili kwa mkono mmoja, jicho moja mbele, jicho moja kwenye kile cha nyuma, na bado akapata nafasi ya kunitunzia heshima yangu. Mimi nikaichukua heshima hiyo nikamtukania nayo. Kulipanulia kona gari lako ili kile kinachofuata kisigonge, hiyo ndiyo kazi yenyewe ya tela. Mimi nilijifunza jambo hilo kwa miaka minne na ukuta wa duka la mtu pale Makambako. Yeye amelijua kona ya kwanza. Sijaona dereva kama yule, na nasema hivi nikiwa nimekula chakula na akili zangu timamu.

Nikamshika mkono mbele ya wote. Funguo za lori nimempa mwenyewe, fomeni hakuniomba. Mama Neema akanipangusa uso kwa lile lile pindo la betri, akaniambia twende nyumbani nikaazime kofia kubwa.

Basi kesho mchana tunaingia Iringa. Anayeshika usukani ni Sekela. Mimi nitakuwa kiti cha kushoto na redio mapajani. Ndiyo maana nimewahi kuandika: chekeni leo jioni, chekeni mmalize kabisa, ili kesho mtusalimie kama watu wazima. Na mkitaka taarifa ya habari njooni dirishani kwangu, betri zimo, Sekela amezihesabu.