Saa ya Usingizi Mkononi mwa Popo

Jumatatu, 3 Machi
Nina bahati mimi, acha tu! Ukoo wetu mzima jua likizama wanaanguka kama magunia, saa tisa usiku macho kodo. Marehemu baba alisinzia kwenye harusi yake mwenyewe. Mimi pekee nimechomoka. Mtu wa mjini!

Binti yangu hakuchomoka. Shule ya bweni imempa onyo la mwisho: kila kipindi cha jioni yeye ni kukoroma. Daktari anasema huenda ni jambo la kurithi, limo kwenye damu. Kanivisha saa ya kupima usingizi, siku saba. Ikionyesha nalala kama binti, ataandika barua, shule itamvumilia.

Tatizo: nimeshawaapia wakwe kwamba balaa hili limetoka kwao.

Jumanne, 4 Machi
Kichwa changu kinachemka! Tangu jana jioni saa nimemvisha jirani, fundi redio. Tunamwita Popo, maana halali kabla ya saa saba usiku. Akaniuliza, sasa mzee, na mtoto je? Nikamwambia asinifundishe ulezi. Mama watoto naye kauliza saa iko wapi. Nikasema imefunikwa na shati. Shati la mikono mifupi!

Jumatatu, 10 Machi
Daktari kaisoma saa. Kanipongeza: mzee wewe mzima, unachelewa kulala kama kijana. Basi hana ushahidi wa urithi. Barua hakuna. Nilitaka kusema. Lakini shemeji, kaka wa mama watoto, alikuwa kanifuata, kasimama mlangoni, mikono kifuani, anasubiri kusikia balaa ni la ukoo gani. Nikamshukuru daktari kwa pongezi.

Jumatano, 12 Machi
Binti karudishwa na sanduku lake. Wa pili darasani! Hata hajakaa, kaniomba radhi. Eti, nisamehe baba, kumbe ni uvivu wangu tu, daktari kasema wewe huna kitu. Nikatoka nje. Nimeutazama ukuta wa jirani mpaka nikaujua kila ufa.

Alhamisi, 13 Machi
Saa tisa usiku nimemkuta jikoni na daftari lake. Akauliza, baba, bado hujalala? Nikamjibu ndiyo kwanza narudi matembezini, sisi watu wa mjini bwana! Akacheka, akanimiminia chai. Akasema, laiti angefanana nami.

Nilikuwa na alama za mkeka shavuni.

Sikuchomoka. Nalala saa moja jioni, maisha yangu yote, mama watoto akidhani niko matembezini. Balaa nimelipata kwa baba, nikampa yeye.