Kumi na Tano Inatosha Kabisa

Jumatatu, 3 Machi

Balaa. Radi amefika kumi na nne!

Kundi zima la mtandaoni la wachokonoa kompyuta linamshangilia. Vidole gumba, makofi, vimoto. Mimi bado niko kumi na sita, na hakuna aliyewahi kunipigia hata kofi moja.

(Kwa faida ya vizazi vijavyo: memori ya kompyuta ikiulizwa kitu, husubiri kidogo kabla ya kujibu. Namba hiyo ndiyo kipimo cha kusubiri. Ukiipunguza, mashine inakimbia. Ukiipunguza mno, inazimia. Yangu ilitoka kiwandani na kumi na nane, uvivu mtupu. Nikaishusha mwenyewe kwa mikono yangu.)

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, humu humu chumbani. Leo nilikuwa na bibi harusi anayelia kwa furaha. Nikamwacha na machozi yake, nikaingia kwenye mipangilio. Kumi na nne. Washa! Kimya. Skrini nyeusi, feni zinazunguka tu kama wageni waliokosa mwenyeji. Ikabidi nifungue sanduku, nichomoe kibetri, nisubiri, nikirudishe, ili mashine isahau nilichoifanyia. Imesahau. Mimi sijasahau.

Nimekula mkate nikiwa nimesimama. Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anacheka na mtu kwenye simu. Nikaweka sikio ukutani. Si kusikiliza. Kupoza sikio.

Jumanne, 4 Machi

Jirani amebisha hodi! Mwenyewe!

Ni fundi cherehani, anaishi peke yake kama mimi, ila yeye anajua kuishi. Alikuwa na uzi begani. Nilitamani kuutoa. Sikuutoa.

Ana rekodi kwenye simu: marehemu baba yake anasimulia alivyokutana na mama yao. Ndiyo sauti pekee ya mzee waliyobaki nayo. Lakini siku ile mvua ilikuwa inapiga bati, kwa hiyo kila sentensi nusu ni mzee, nusu ni bati. Jumapili kaka zake wanakuja, anataka wamsikie. Akaniuliza kama itawezekana. Nikamwambia ni kazi ya kupepesa jicho. Alete simu kesho.

Alisimama mlangoni muda wote kwa sababu humu ndani kuna kiti kimoja, na nilikuwa nimekikalia. Nimegundua hilo baada ya yeye kuondoka.

Mkakati: nashusha hadi kumi na tano. Yeye anakunywa chai, mashine inasafisha sauti kabla chai haijapoa, anapigwa na butwaa. Mengine yatajipanga yenyewe. Nimeazima kigoda kwa kinyozi wa chini. Aliuliza kama nina mgeni. Nikamwambia nina wageni wengi sana, ndiyo maana.

Jumatano, 5 Machi

KUMI NA TANO! Imewaka! Nimeruka hadi nikagonga taa.

Nikaanzisha mtihani wa memori, ule unaotafuta makosa. Unatakiwa uende hadi mwisho, unakula nusu siku. Nikauacha kwa muda wa kukaanga yai. Kosa: sifuri. Nikapiga picha, nikaituma kundini. Kofi moja, na hilo moja ni la Radi. Halafu Radi huyo huyo akauliza kwa upole kama niliuacha mtihani ufike mwisho. Wivu! Nikamjibu kwamba wengine tuna kazi za kufanya.

Mchana dada yangu mdogo akapiga kwa video. Anaishi mbali tangu alipoolewa. Alikuwa anataka kunionyesha jino la kwanza la mtoto. Akasogeza mtoto karibu, mtoto akafungua mdomo, na skrini ya kompyuta ikawa bluu, mashine imezimia. Nilipompigia kwa simu nikasingizia mtandao. Dada akacheka, lakini si sana.

“Kaka, kila nikikuletea mtoto unaganda. Anadhani wewe ni picha.”

Nikasema naona betri inaisha. Haikuwa inaisha.

Jioni jirani alileta simu. Nikahamisha rekodi kwenye mashine. Simu yake ilikuwa imejaa hadi inahema, nikamshauri aifute rekodi kule, simu ipumue, kwangu iko salama. Akafuta palepale, mbele yangu, bila hata kuuliza mara ya pili. Hakuna mtu aliyeniamini hivyo kwa miaka.

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Alikuja na chai, vikombe viwili. Akakaa kwenye kigoda. Chumba kikawa kidogo kwa namna nzuri. Nikabonyeza. Sauti ya mzee ikatoka safi, bati limenyamaza, jirani akashika kifua. Mzee akasema, “Nilipomwona mama yenu mara ya kwanza alikuwa ameshika...” Halafu mlio. Kama msumari kwenye kioo. Ukaendelea hadi mwisho.

Nikafungua nakala ambayo sijaigusa. Mlio uleule, mahali palepale. Mashine iliivuruga wakati wa kuihamisha. Memori ilijibu haraka, lakini ilijibu uongo.

Nikaanza kumweleza kuhusu volti, ule umeme ambao ningeiongezea memori ili isikosee. Aliniacha niongee. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja: alikuwa ameshika nini?

Sikujua. Na yeye hakumbuki.

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Alichukua vikombe vyake, changu kikiwa bado kimejaa, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Ijumaa, 7 Machi

Kimya ng'ambo. Hata cherehani haijalia.

Nimekaa na mtu mmoja akilini wa kumuuliza, na ndiye nisiyetaka. Nikamwandikia Radi faraghani. Nikasema nina rafiki, mjinga kidogo, amefanya hivi na vile.

Radi akajibu papo hapo. Rafiki yangu asiguse kitu. Simu nyingi hazifuti mara moja; kilichofutwa hukaa kwanza kwenye kapu la takataka la simu. Mwenye simu aangalie humo, leo hii, kabla kapu halijajimwaga. Ila kwanza rafiki yangu aombe radhi.

Radi ananiambia radhi! Nilidhani ni utani wa maneno. Haukuwa utani.

Nilisimama mlangoni kwa jirani nikipanga sentensi. Zilikuwa nzuri. Alipofungua, zote zikakimbia. Nikasema, “Nisamehe. Niliiharibu kwa sababu ya kujionyesha.” Nikashangaa nani amesema hayo.

Jirani akaenda kuleta simu. Tukafungua kapu pamoja. Rekodi ilikuwemo! Alikaa chini palepale kizingitini. Hakuiweka sikioni. Aliibana tu kifuani.

Hakunipa simu, na sikumlaumu. Nikamwandikia Radi. Kumbe anaishi mji huu huu. Amesema atakuja kesho.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikuwa namsubiri kijana mwenye miwani na dharau. Aliyebisha ni mama wa umri wa mama yangu, kandambili miguuni, mfuko wa sokoni mkononi. Mwalimu wa hesabu, mstaafu. Ndiye Radi!

Nikamwamkia shikamoo kabla ya kufikiri. Akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye kiti changu, akarudisha namba zote kama zilivyotoka kiwandani. Kumi na nane! Mbele ya jirani! Nilihisi kama navuliwa shati.

Kisha akaanzisha mtihani na kutangaza kwamba hakuna mtu kugusa rekodi mpaka mtihani ufike mwisho. Nikauliza tutafanya nini muda wote huo. Wote wawili wakanitazama. Jirani akaenda kuleta chai.

Wakazungumza. Mimi kwenye kigoda. Mwalimu alisema alianza mambo haya mume wake alipofariki. Nyumba ilinyamaza mno. Mashine ikiwa inahesabu usiku kucha, alisema, angalau kuna mwenzio anayefanya kitu humo ndani. Alisema hivyo akipuliza chai yake, kama mtu anayetaja bei ya sabuni. Mimi nikaangalia feni. Ningeweza kusema kitu. Nikasema feni ina vumbi.

Mtihani ukaisha. Sifuri. Tukasafisha sauti, polepole, kwa mwendo wa kiwandani. Ikafika pale.

“...alikuwa ameshika kuku aliyetoroka, na amekasirika kuliko kuku.”

Jirani alicheka huku machozi yanashuka. Akaomba turudishe mvua kidogo, kwa sababu bila mvua si siku ile. Tukarudisha.

Mwalimu aliniachia namba yake, akachukua yangu. Akasema niende siku yoyote, si lazima niwe nimeharibu kitu. Na jirani amenialika kesho nikae na kaka zake. Kesho! Na mashemeji! (Bado hawajajua kwamba ni mashemeji.)

Jumapili, 9 Machi

Nimeoga, nimenyoa, nimepiga shati pasi. Kaka zake wamefika, viatu vimejaa mlangoni.

Nilikuwa na muda kidogo mkononi. Nikafikiria: kumi na nane ni aibu. Kumi na saba haitamuumiza mtu. Haikumuumiza. Kumi na sita, salama. Basi kumi na tano, ila safari hii kwa heshima, mtihani hadi mwisho, kama mwalimu alivyofundisha. Nani atasema sijifunzi?

Jirani akabisha, akasema wananisubiri. Nikamjibu kwa ndani kwamba nakuja sasa hivi, mtihani uko robo.

Akabisha tena, chakula kinapoa. Nikasema nusu.

Nikamsikia mzee na mvua yake. Alipofika kwa kuku, nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Nami nilicheka, peke yangu, jicho kwenye asilimia.

Mwalimu akapiga simu. Sikupokea. Bila shaka anahofia kumi na nne yake.

Baadaye viatu vikaondoka. Wakaagana kwa kelele kwenye ngazi. Mtu mmoja aliuliza yule jirani yuko wapi, na jirani akajibu kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya feni.

Mtihani umefika mwisho. Kosa moja. Moja tu! Ningewaambia, lakini kumenyamaza.

Kesho naongeza volti kidogo.