Galaksi ya Nne, Jina Lake Restituta

Jumatano, 5 Januari 2005

Siku ya tisa bila mke wangu. Restituta yuko Basotu kwa kaka yake Akonaay, kisa ng'ombe. Ng'ombe wake, nakubali. Alipewa na baba yake. Lakini Mwalimu Alfredi alikuwa anahamia Babati, mkoa mpya unamhitaji, na darubini yake haikuenea kwenye lori! Ningefanyaje? Tukabadilishana, ng'ombe kwa darubini.

Gurudumu la kuliweka sawa jicho la darubini lilikuwa linalia. Nimelipaka mafuta ya kondoo. Sasa linateleza vizuri, ila vidole vinanuka.

Saa mbili usiku nikaelekeza kusini, kwenye kundi la galaksi la Tanuri. Ramani inasema kona ile ina galaksi tatu. Nimehesabu nne! Ya nne ni hafifu, kama ukungu wa hapa kwetu Tumati asubuhi. Haimo kwenye orodha yoyote. Nimeiandika daftarini: Restituta.

Atarudi. Mwanamke gani anakataa galaksi?

Alhamisi, 6 Januari

Galaksi ya ajabu. Nikisogeza darubini, nayo inanifuata. Ina utii kuliko mwenye jina.

Nikolausi, mwalimu wa hesabu, akapita, akachungulia, akanishauri nifute kioo. Wivu! Tangu nimshinde uenyekiti wa kwaya hajanisifu hata siku moja. Nikamkataza kugusa.

Jumamosi, 8 Januari

Nikolausi huyohuyo anakwenda mnadani Basotu. Sina mwingine. Nimempa barua ampelekee Restituta, kurasa tatu: mahali galaksi ilipo, umbo, mwanga. Niliandika pia kwamba nyumba imekuwa kubwa mno bila yeye. Nikafuta. Hayo si ya kisayansi.

Jumapili, 9 Januari

Amerudi! Jua halijazama, huyo, na blanketi begani na ndama aliyepewa na Akonaay kwenye kamba. Nikajua galaksi imefanya kazi. Kumbe barua hata hajaifungua. Nikolausi ndiye aliyemwambia mumeo anakesha nje bila soksi na anakula ugali wa jana kwa chumvi. Mmbea yule!

Giza lilipoingia nikamketisha kwenye darubini. Akachungulia. Akanusa. Akauliza nani kapaka mafuta ya kondoo huku. Kabla sijajibu, akashika ncha ya kanga, akafuta jicho la darubini.

Galaksi yangu yote! Mara mbili tu, kwisha!

Nililia. Naam, nililia. Nikamwambia nilitaka kiwepo kitu kikubwa chenye jina lake, maana ng'ombe nimempoteza na yeye nusura. Akatufunika sote blanketi moja, akachungulia tena, muda mrefu. Akauliza ile galaksi ndogo ya chini inaitwaje. Nikasema ina namba tu. Akasema basi yeye ataiita kwa jina langu, Theodory: hafifu, lakini ukitulia unaiona.

Nikamwandikia hivyo daftarini.

Jumatatu, 10 Januari

Uji wa moto! Soksi! Mke wangu anaimba jikoni. Sijawahi kuwa na furaha namna hii, na furaha kama hii haifai kuachwa bila shukrani.

Nasikia Alfredi amepata darubini nyingine huko Babati, kubwa zaidi. Kwa kioo kile, galaksi ya kweli ya Restituta haiwezi kunikwepa. Nimemzunguka ndama mara tatu. Ana afya nzuri sana. Restituta asijue kwanza, nataka afurahi ghafla.

Gurudumu limeanza kulia tena. Mafuta ya kondoo nimeyaona, yako juu ya kabati.