Damu ya Saa Kumi

Jumanne, 11 Februari 2025

Nimeamka nimechoka. Si uchovu wa kazi, maana kazi yenyewe haipo: maharagwe yangu yamekwama Kivu tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi. Leo nimesinzia depo, ghala langu la kuuzia, kichwa juu ya mizani, mbele ya mteja. Akasoma kwa sauti: kilo nne na nusu. Kisha akaenda kununua kwa jirani.

Saa sita Kasoki, mke wangu, alipiga simu kutoka Goma. Mtandao ulikatika mara tatu. Yeye na watoto wetu wawili wanalala kwenye korido, mbali na madirisha, wiki ya tatu sasa. Mimi nilikuja Lubumbashi mwezi wa kumi kufungua depo. Wao wangenifuata shule zikifungwa. Ameuliza: "Tubaki ao tutoke? Sema neno moja, Papa Shalom."

Nimesema nitafikiri. Ameuliza kama nalala. Nimesema nalala fofofo.

Kufikiri kumenishinda. Nikianza tu, macho yanajifumba. Mchana, redioni, bwana mmoja akaeleza kwamba mwanamume akipita arobaini homoni ya kiume hupungua, akawa mchovu, asiweze kukata shauri. Nina miaka arobaini na sita. Nimeandika jina la homoni hiyo kiganjani: testosteroni. Kumbe ninachougua kina jina. Nimepata hata hamu ya chai.

Alhamisi, 13 Februari

Mpango ni kupima homoni hiyo. Namba moja peke yake haisemi kitu. Lazima awepo mtu wa kulinganisha naye. Nimemchagua Léonard, tunayegawana naye ua hapa mtaa wa Bel-Air. Miaka hamsini na minane, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Anaamka akiimba nyimbo za parokia. Jana alipakua mifuko kumi na miwili ya simenti, kisha akaenda mazoezi ya kwaya. Mtu wa namna hiyo anaudhi.

Nimemwambia labo, yaani maabara, inapima wanaume wa mtaa, anifuate tu.

"Banapima nini, mudogo?"

"Nguvu, yaya." Namwita kaka mkubwa kwa heshima.

Akacheka, akavaa viatu.

Tumefika saa kumi alasiri, nikiwa nimeshafunga depo na kula bukari, ugali wa huku. Mama wa labo aliuliza kama tumekula. Nimesema hapana. Léonard amesema ndiyo, akamweleza na mboga.

Jumamosi, 15 Februari

Redio inasema Bukavu nayo inakwenda. Simu ya Kasoki haipatikani tangu jana.

Nimechukua bahasha zote mbili. Yangu: 2,7. Kwa karatasi hiyo, kawaida ni kuanzia 3 hadi 9. Kando ya namba kuna mshale mdogo unaoelekea chini. Nimekaa kitandani nikautazama. Mwingine angesikitika. Mimi nimeona nimetetewa: kumbe si woga, ni damu.

Kisha nimefungua ya Léonard. Najua si vizuri. 2,4. Chini yangu! Nimecheka peke yangu chumbani, na sauti yangu ikanishtua. Sijaisikia humu ndani siku nyingi.

Wakati uleule mwenyewe akapita dirishani na mfuko wa unga begani, akiimba. Nimesoma tena karatasi. Jina lake, namba yake. Sielewi.

Nimeigundisha bahasha upya kwa bukari iliyobaki, nikampelekea.

Jumatatu, 17 Februari

Daktari Julienne ana kliniki ndogo upande wa mtaa wa Hewa Bora. Nimemwekea karatasi mezani nikaomba sindano ya homoni hiyo. Hakuutazama mshale. Alitazama saa ya kuchukua damu.

"Saa kumi, Papa? Na ulikuwa umekula?"

Akaeleza polepole, kama aliyezoea kueleza. Homoni hii hupanda asubuhi, hushuka mchana. Inapimwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, mtu akiwa amelala vizuri, na ikitoka chini inarudiwa siku nyingine. Hata hapo namba peke yake si ugonjwa. Uchovu unaweza kuletwa na upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, usingizi, moyo mzito. Ameandika vyote vipimwe. Sindano amekataa: ukichomwa bila sababu, amesema, mbegu za kiume zinaweza kukauka na damu ikawa nzito.

Nimemuuliza juu ya rafiki mmoja mwenye 2,4 ya saa kumi, anayebeba simenti.

"Anasikia mubaya?"

"Hapana. Anaimba."

"Basi mumuache aimbe."

Kisha: nalala kwa saa ngapi usiku? Nimesema nane. Nakula na nani? Hilo sikulitegemea. Nimesema na watu.

"Bantu gani?"

Nimesema redio. Akaweka kalamu chini. Akauliza familia iko wapi. Nimesema Goma. Akasema nimwambie mke wangu ukweli, kwamba silali. Nimeitikia kwa kichwa. Lakini mwanamke anayelala korido na watoto, unamwambiaje kwamba wewe, mwenye kitanda, ndiye usiyelala?

Jumanne, 18 Februari

Kasoki amepatikana. Ameuliza tena: tubaki ao tutoke? Nimemwambia asubiri majibu ya labo. Nikiyapata nitakata shauri vizuri.

Akashusha sauti.

"Uko mugonjwa?"

Nimesema hapana, ni namba tu. Simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao au ni yeye.

Jioni nimepita kwa Mwansa, muuza mizizi karibu na soko. Amesema unga wake unapandisha namba. Nimelamba kijiko kimoja. Ladha ya makaa.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika yaliyotokea jana. Ilibidi nilale ili damu ya asubuhi iwe halali. Niliziba madirisha kwa makartoni tangu saa tisa alasiri, nikajilaza. Nilihesabu mbao za dari. Ni ishirini na tisa.

Saa kumi na moja jioni Mama Virginie, mke wa Léonard, akagonga.

"Papa Shalom, bukari inapoa."

Nilitaka kukataa, lakini Léonard alikuwa ameshasogeza kiti. Sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Virginie akauliza majina ya watoto. Nikasema: Shalom ana tisa, Séphora ana sita. Akauliza wanalala wapi siku hizi. Nikasema korido. Neno hilo sikuwahi kumwambia mtu. Virginie aliniongezea samaki. Léonard akaanza kusimulia jinsi baba yake alivyokwama siku tatu porini na treni nzima ya makaa.

Mwisho wa hadithi siujui. Nimezinduka saa kumi na mbili asubuhi, kwenye kiti chao, kitenge magotini. Léonard alikuwa uani ananawa uso, anaimba kwa kunong'ona asiniamshe. Nimekwenda labo moja kwa moja.

Jumamosi, 22 Februari

5,1. Hakuna mshale. Damu, sukari, tezi, vyote sawa. Daktari Julienne amesema homoni zangu hazina shida. Nina usingizi kidogo na wasiwasi mwingi. "Rudia kukula kwa bale majirani, Papa. Na uongee na bibi yako, mama ya batoto."

Nilipotoka nimekuta ujumbe wa sauti. Kasoki.

"Papa Shalom, tumevuka, tuko Gisenyi, Rwanda. Nilingoja neno lako mupaka nikachoka. Sikutafuta jibu la akili. Nilitaka useme kama na wewe unaogopa, tuogope pamoja. Tutapitia Tanzania na Zambia. Utupokee mpakani, Kasumbalesa."

Nyuma yake Séphora anauliza kama baba anasikia. Nimeusikiliza mara sita, nimesimama barabarani.

Jumapili, 23 Februari

Nimefikiri sana, na sasa naona wazi. Kutoka 2,7 hadi 5,1, karibu mara mbili, kwa kijiko kimoja tu. Unga wa Mwansa unafanya kazi. Daktari ni msomi lakini mizizi haijui. Nimenunua kopo zima. Masharti: vijiko viwili kwa siku, tumbo tupu, mahali pa utulivu, bila mazungumzo.

Nimemjibu Kasoki: asiwe na wasiwasi, majibu yametoka, niko imara, atakuta mwanamume mpya.

Baada ya misa Mama Virginie amegonga. Sahani yangu iko tayari, na Léonard anataka kunimalizia hadithi ya treni. Nimemshukuru bila kufungua mlango. Nimesema niko kwenye dawa.

Sasa nasikia vijiko vyao ukutani, na kicheko. Nimeongeza sauti ya redio. Macho mazito, miguu mizito, usingizi hauji. Bila shaka dawa inaanza kuingia.