Spika ya Elfu Tisini

Siku Hussam alipoitwa Stanmore, mtaa wa London, kwenda kuzoa takataka, hakujua kwamba anaitwa na bahati yake. Alidhani anaitwa na godoro bovu. Kazi yake iliyojulikana na watu ilikuwa ya gari la mizigo: kuhamisha kochi, kutupa friji, kumfikisha mtu na masanduku yake uwanja wa ndege. Kazi zake nyingine tusizitaje, maana alizibadilisha kila alipoanza kutafutwa.

Mlango ulifunguliwa na Mzee Kailash mwenyewe, mtu mfupi nadhifu aliyestaafu biashara ya vitambaa. Nyuma yake, sebuleni, zilisimama spika mbili ndefu nyeusi, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Hizo," alisema mzee. "Toa."

"Zimekufa?"

"Ziko nzima. Nimezichoka tu."

Hussam alizitazama. Aliwahi kuona jozi kama ile dukani, mjini, nyuma ya kioo, na bei yake ilikuwa ya gari. Moyo ulimruka, ukazunguka, ukarudi kukaa mahali pake.

"Mzee wangu, zimekukosea nini?"

"Zinaimba vizuri, lakini mwimbaji yumo ndani ya sanduku. Mimi nataka atoke! Nikifumba macho awe hapa, mbele yangu, nimsikie akivuta pumzi." Mzee alikaa kwenye kochi kana kwamba miguu imemwishia. "Mimi ni mtoto wa Mombasa, Makadara. Jirani zetu wakiwa na harusi, akina mama walikuwa wanaimbiwa taarabu uani. Mimi mtoto wa kiume, tena Mhindi, ningeingilia wapi? Nilikuwa nakaa chini, nje ya ukuta, nasikiliza mpaka mama yangu aje kunivuta sikio. Ile sauti bwana, miaka yote hii naitafuta. Nimenunua spika za kila nchi."

"Na mimi sina pa kuweka cherehani yangu," ilisikika sauti ya mkewe, Bi Pramila, kutoka jikoni.

Wapo watu ambao wangesikia kisa hicho wakatokwa na machozi. Hussam naye alitokwa na machozi, tuseme kweli, kwa sababu naye ni mtoto wa Mombasa na mambo ya uani anayajua. Ila jicho moja lililia na la pili likahesabu.

"Basi Mungu ametukutanisha," alisema. "Kuna fundi mmoja, Mswisi. Hana duka, hatangazi, hapokei simu. Kwa mwaka anaunda jozi moja tu."

"Wewe umemjulia wapi?"

"Mimi ndiye nambebea, wallahi! Tena yeye hauzi spika, anauza ndoto. Nambie yako ikoje, nimfikishie."

Mzee Kailash alichangamka. Alitaka mbao za kweli, si hizi za kubandika. Hakutaka taa za kumetameta wala rimoti. Mbele kuwe na kitambaa cheusi. Na zaidi ya yote, spika iwe na kifua.

"Kifua kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu," alisema mzee.

Hussam aliendesha gari kutoka Stanmore hadi Thornton Heath na maneno hayo matatu yakimzunguka kichwani. Karibu na kwake akaona makabati mawili ya nguo yametupwa kando ya barabara, ya mbao nzito za zamani, yamebandikwa karatasi ya kumwomba yeyote ayachukue. Alisimamisha gari. Akafungua kabati la kwanza, akaingia, akajifungia. Mpita njia mmoja aliharakisha hatua. Ndani ya kabati, gizani, Hussam alikuwa anacheka peke yake.

Sasa tumjue Raya Vuai. Huyu alikuwa mjane wa Kiunguja, anayelea wazee katika nyumba moja huko Croydon, na kabla ya kuja Uingereza aliimba taarabu tangu msichana. Hussam alikuwa amemposa mara mbili. Raya hakusema ndiyo wala hakusema sitaki. Alisema haolewi na mtu asiye na mlango wake mwenyewe, kwa sababu Hussam alikuwa analala chumba cha nyuma cha kinyozi, na Raya mwenyewe anagawana jiko na wanawake wanne. Flati ndogo ingetosha, lakini flati ya London haikodishwi kwa mashairi. Ndiyo maana Hussam alimpelekea Raya habari ya kabati kama mtu anayepeleka mahari.

"Wewe unaingia hili la kulia, unaimba. La kushoto natia spika ndogo, inapiga ala peke yake. Mzee anafumba macho, anasikia mtu. Si ndicho anachotaka? Tunampa mtu!"

"Na akifumbua?"

"Atakuwa keshalipa."

Raya alitazama makabati, ambayo sasa yalikuwa yamepigwa msasa na vanishi, yakafunikwa kitambaa mbele, yakapendeza kwelikweli. "Bei gani?"

"Nimefikiria pauni elfu tatu."

"Elfu tatu, makabati ya kuokota!"

"Umesema kweli, ni ndogo mno." Hapa Hussam alisimama, maana mafundisho haya hayatolewi mtu akiwa ameketi. "Ukimwambia mtu elfu tatu, anaumia. Ataomba risiti, ataomba waranti, atataka kujua skrubu zimetoka wapi. Ukimwambia elfu tisini haulizi kitu, anaona haya kuonekana hana. Kitu cha ndoto, Raya, bei yake ndiyo ubora wake. Bei ikiwa ndogo, watu wanakidharau. Tutasema elfu tisini."

Raya alitikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeelewa. "Na mie?"

"Wewe nakupa mia tatu."

"Mia tatu."

"Kwa wimbo mmoja! Huko kwa wazee wako unakesha siku ngapi kuipata?"

Raya alivuta kikombe chake. Akachukua kijiko, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Hussam, aliyeweza kusoma uso wa mteja kutoka ng'ambo ya barabara, aliona ukimya ule akauhesabu kuwa kukubali.

Mzee Kailash alitoa elfu tano za arubuni bila kuuliza swali hata moja, kama elimu ya bei ilivyotabiri. Hussam aliziweka mfuko wa ndani wa koti. Siku ya kupeleka mzigo ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Raya aliingia kabatini kona ya mwisho kabla ya nyumba ya mzee, na mto wa kukalia na chupa ya maji. Alikuwa amevaa dhahabu, amepaka hina, ananukia udi. Hussam alidhani ni kwa ajili yake, akafurahi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka flati ya Croydon sharti amwinamishe mwenzake.

Mzee alikuwa amemwalika rafiki yake Jaswant, Singasinga mnene aliyejitolea kusukuma toroli.

"Hii ya kulia nzito, bwana! Ina nini?"

"Uzito ndio ubora, Uncle," alisema Hussam. Kabati likakohoa. Hussam naye akakohoa juu yake, kwa nguvu, akasingizia vumbi.

Spika zikasimamishwa. Bi Pramila alileta chai na bajia, akazizunguka moja moja.

"Hii ya kulia plagi yake iko wapi?"

"Ya betri, mama."

"Na mbona inanukia udi?"

"Mbao hizo, mama. Mbao za kweli zina harufu yake."

Hussam alibonyeza simu. Kabati la kushoto likaanza: fidla, kanuni, ngoma ndogo inayotembea pole. Mzee Kailash alifumba macho. Kisha, kutoka kulia, ikasikika pumzi ikivutwa, pumzi ndefu ya kifua cha mtu, na baada yake sauti.

*Nilikupa moyo wangu, ukauweka rehani,*
*Nikadhani u mwenzangu, waniuza hadharani.*

Jaswant alisahau bajia mkononi. Nywele za Hussam mwenyewe zilisimama, kwa kuwa hakuwahi kumsikia Raya akiimba kwa moyo namna ile. Tena hakukumbuka kuuchagua ubeti ule. Mtoto wa Mombasa alipaswa kujua kuwa taarabu haiimbwi hewani. Kila ubeti una mwenyewe, na mwenyewe huwa yumo humo humo ukumbini. Lakini akili yake ilikuwa inanunua mapazia.

"Tena!" alipiga kelele Mzee Kailash, macho bado kayafumba.

Na spika ikarudia ubeti.

"Kailash, imekusikia!" alisema Jaswant.

"Ni teknolojia mpya," alisema Hussam haraka. Jasho lilimtoka. Tangu dunia iumbwe, mwimbaji wa taarabu akiambiwa tena, anarudia. Asiporudia ni dharau. Hilo Hussam alilijua, ila alilisahau, na sasa alikuwa anakumbuka jambo la pili alilolisahau, maana mzee alikuwa anainuka.

Mzee Kailash aliinuka kama wanavyoinuka watu walioguswa na wimbo. Bega moja mbele, bega moja nyuma, akaja pole pole kwa madaha kuelekea kabati la kulia, na mkononi kashika noti ya hamsini. Alikuwa anakwenda kumtunza mwimbaji.

"Mzee, usiguse kitambaa, kina umeme!"

"Si umesema betri?" alisema Bi Pramila.

Mzee alifika. Akainyosha noti mbele ya kitambaa, akangoja. Sauti haikukatika hata kidogo. Kutoka katika upenyo ambao Hussam aliuacha wa kupitisha hewa, ukachomoza mkono. Mkono wenye hina mbichi, bangili tatu za dhahabu na pete. Ukaipokea noti kwa vidole viwili, ukageuka kidogo kwa kushukuru, ukarudi ndani. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho.

Ala zikakoma. Hussam alitazama mlango, akatazama dirisha.

"Muulizeni," alisema Bi Pramila, "kama anatumia sukari."

Mzee Kailash alifungua kabati. Raya alikuwa amekaa juu ya mto wake, wima, noti kaipachika kifuani, uso wake umetulia. "Kijiko kimoja tu, dada," alisema, akatoka.

Hussam alingoja matusi, alingoja polisi. Badala yake alimwona mzee anafuta macho kwa ncha ya sweta yake.

"Nilijua tangu ulipovuta pumzi," mzee alimwambia Raya. "Hakuna mashine inayovuta pumzi hivyo. Lakini nilitaka hakika. Ungekuwa mashine, noti ingeanguka chini."

"Mzee wangu, niseme kitu," Hussam alianza, ulimi ukiwa umeanza kumrudia. "Fundi alitaka kukuonyesha kwanza..."

"Wewe nyamaza. Mama, mimi sasa hivi spika sitaki tena. Nataka uje hapa kila Jumamosi, uimbe kama leo. Nitaita watu. Bei yako ngapi?"

Raya alikaa kwenye kochi, akapokea chai, akakoroga. Safari hii ilikuwa na sukari.

"Kitu cha ndoto, mzee wangu, bei yake ndiyo ubora wake," alisema. "Bei ikiwa ndogo, watu wanakidharau." Akataja bei. Jaswant alipaliwa na bajia. Mzee Kailash hakupunguza hata senti. Akampa mkono, wakaelewana.

"Na wimbo wa leo?" aliuliza mzee.

"Wa leo ulishaulipa, arubuni." Raya alinyosha mkono ule ule wa hina mbele ya koti la Hussam. Watu watatu wa Stanmore walikuwa wanamtazama. Bi Pramila alikuwa na simu mkononi, na huenda alikuwa anataka kumpigia dada yake tu, lakini Hussam hakutaka kuhakikisha. Alitoa bahasha ya arubuni. Mkono ukaipokea kwa vidole viwili, ukageuka kidogo, ukarudi mapajani.

Hussam alimkuta Raya nje baadaye, akimsubiri mtu wa teksi. Makabati yalikuwa yamerudishwa garini, na sasa hata la kulia lilikuwa jepesi.

"Raya, mkono ulikuponyoka, sivyo? Mazoea tu?"

"Mie natunzwa tangu sijafika miaka ishirini. Mkono wangu haujaponyoka siku hata moja." Alitazama hina yake. "Nani anapaka hina akakae gizani, Hussam? Na wewe husema unapenda kunitazama."

"Ilikuwa kwa ajili yetu. Flati, jiko lako, mlango wako. Wallahi Raya, pesa zote zile zilikuwa zetu!"

"Kabati la kuokota ulilipangia elfu tisini," alisema Raya, wala sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Sauti yangu uliipangia mia tatu. Ningekuwa mkeo, ungenipangia ngapi?"

Hussam alikuwa na jibu la kila mteja duniani. Alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Teksi ikaja.

Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Hawakusema mwerevu aende wapi Jumamosi jioni akiwa hana shughuli. Huyu wetu alijikuta Stanmore. Magari yalikuwa yamejaa mtaa mzima, na Bi Pramila alikuwa amesimama mlangoni na kibeti kwapani.

"Kiingilio," alisema.

"Shilingi... pauni ngapi, mama?"

Bi Pramila alimtajia. Hussam alijaribu kumbembeleza, akataja umbali wa Thornton Heath, akataja Mombasa. "Ikiwa ndogo watu wanadharau," alijibu Bi Pramila, akafunga mlango.

Hussam alikwenda upande wa bustani, akakaa chini kwenye majani yenye maji, mgongo ukutani. Ndani fidla ilianza, na safari hii ilikuwa fidla ya mtu. Akafumba macho. Akasikia Raya anavuta pumzi, karibu kabisa, kana kwamba wamo chumba kimoja. Wimbo ulipofika kwenye ule ubeti wa rehani, mkono wake wenyewe ukaingia mfukoni ukatoa noti ya mwisho aliyokuwa nayo, akainuka, akageuka aende kumtunza, macho bado kayafumba, na paji la uso likagonga ukuta.