Mlinzi, Kabati, Paka

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha. Video iko mtandaoni. Sekunde arobaini na mbili: mimi, na sare yangu ya ulinzi, naingia kwenye kabati pale duka la samani ninapolinda, najifungia. Anayenifukuza ni paka. Mteja mmoja asiye na kazi alikuwa anarekodi. Meneja kaitazama mara nne.

Nyumbani nilishasema dukani walikuja majambazi, nikawatimua. Wawili, mmoja na panga. Binti yangu wa miaka kumi na moja alinishika mkono, hakuuachia mpaka tukamaliza kula. Ijumaa atasimama mbele ya darasa na wazazi, amzungumzie mtu anayemwamini kuliko wote. Kanichagua mimi. Akiiona hii video nitamtazama kwa macho gani?

Jumanne, 5 Machi

Sijala. Simu ikilia, naigeuza kifudifudi. Lakini akili ninayo! Dada wakala wa simu pale kwenye kona kaniambia mtandao una huduma ya wazazi, ya kuzuia watoto wasione mabaya. Nikamwambia kwa sauti nzito kwamba dunia imeharibika. Kasema wazazi kama mimi wamebaki wachache.

Unaandika maneno, mtandao unayafungia. Nikaandika: mlinzi, kabati, paka, kujificha, kutetemeka, mtu mzima ovyo. Hilo la mwisho ndilo jina la video. Laini zetu zote ziko kifurushi kimoja, basi nikafunga na ya mke wangu. Umri wa mtumiaji nikauacha nilivyoukuta: miaka sita. Kwa haraka zangu sikuona pa kubadilisha.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Mke wangu ni fundi cherehani, mitindo yote anaitoa mtandaoni. Leo mteja kataka gauni la mgongo wazi. Simu ikamjibu kwamba maudhui hayo hayafai kwa umri wake. Ana miaka thelathini na nane. Kanitazama. Nikasema ni minara, wanaitengeneza. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Binti naye ana kazi ya shule, wanyama wa nyumbani. Ng'ombe kampata, mbuzi kampata, paka hapatikani. Kaniuliza, huku akinitazama sana, kama paka wamepigwa marufuku. Nikamwambia aandike kuku.

Nikataka kulegeza kidogo. Namba ya siri nimeisahau! Nimekosea mara tatu, nimefungiwa nje.

Alhamisi, 7 Machi

Mke kasema anakwenda kwa wakala. Nikasema jua kali. Kaenda. Nikajitia mgonjwa, nikajilaza na viatu vyangu.

Karudi na karatasi. Wakala kamchapishia maneno yote yaliyozuiwa, na jina la aliyeyazuia. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akayasoma moja moja, polepole, kama mwalimu anayeita majina. Mlinzi. Kabati. Paka. Mpaka mwisho. Hakuhitaji video. Nimeisimulia mwenyewe, kwa mpangilio!

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mume wangu," kasema, "mtoto aliiona tangu Jumatatu, kwenye simu ya mwenzake. Alikuwa anakusubiri useme."

Nimejifunika shuka. Kesho siendi shule.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda. Mke alisimama mlangoni mpaka nikavaa. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na pa kutokea.

Binti akasimama. Akasema baba yake ni mwoga kuliko watu wote anaowajua. Anaogopa paka, radi na sindano. Darasa likacheka. Nikatamani kabati.

"Lakini kila asubuhi anavaa sare anakwenda kulinda," akasema. "Mimi naogopa hesabu tu, na huwa nasingizia tumbo nisije shule."

Nililia, tena si kidogo. Mwalimu alinipa kitambaa cha kufutia ubao. Njiani binti akanishika mkono, nikamwahidi: uongo basi, kuficha basi. Nilimaanisha kwa moyo wote.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe kaingia asubuhi bila taarifa, na simu mpya asiyojua kuitumia. Kasikia mkwewe aliwatimua majambazi. Sasa anaomba nimwashie mtandao, aitafute hiyo habari aionyeshe kikundi chao cha akina mama.

Nikaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Nikaiingiza kwenye kifurushi chetu, kwa namba mpya ya siri tuliyopewa na wakala. Ikauliza umri wa mtumiaji.

Nimeandika miaka minne.